ACE, SITREP, Winchester, 1900Z: wacheza gemu za kijeshi nisaidieni kabla ya Jumamosi

Mtoto_wa_Limbani

Assalaam alaykum nyote.

Mie niko Wete, nacheza Arma 3 kwenye kompyuta ya kaka yangu akishalala. Mwanzo nilikuwa nacheza peke yangu, halafu nikakaribishwa kwenye kikundi cha watu wa Uingereza na Uholanzi wanaokutana kila Jumamosi. Hawa si wale wa kuingia na kufyatua ovyo. Wana vyeo, wana karatasi ndefu ya kanuni wanayoiita SOP, na kabla ya kuanza kiongozi husimama mbele ya ramani akaeleza kazi kituo kwa kituo, mwalimu wangu wa jiografia hafui dafu.

Kiingereza changu cha skuli si kibaya. Nasoma, naandika, filamu naangalia bila maandishi ya chini. Lakini mle ndani ya redio naona wanazungumza lugha nyengine kabisa. Jumamosi iliyopita tumeshatoka kambini, tunapita kwenye mashamba ya mizeituni ya Altis, kisiwa cha ndani ya gemu, mara pakalipuka. Kila mtu akasema maneno matatu manne akanyamaza, na wote wakajua la kufanya. Mie nimelala nyuma ya ukuta wa mawe, nasikia "Tango", nasikia "Oscar Mike", mmoja anasema ati yeye ni "Winchester". Halafu kiongozi wangu akaniita kwa namba, akasema "ACE". Basi, hiyo hiyo. Herufi tatu, kisha kimya, ananingoja mie.

Kwenye jedwali lao la ORBAT jina langu limewekwa kwenye mstari wa "1-2-B, AR". Na mchezo wa Jumamosi hii umetangazwa "1900Z".

Sasa ninachouliza: yepi katika haya ni ya lazima na yepi ni mbwembwe? Hiyo Z ni saa ngapi kwetu? Na vijana wa hapa tuko watano sita tunataka tuanzishe timu yetu tucheze kwa Kiswahili. Tutafsiri yote au tuyaache yalivyo?

Msinicheke.

Jini_la_Pingi

Tumeshakucheka. Mzanzibari gani wewe unaogopa vifupisho? Umezaliwa chini ya SMZ, redio ya nyumbani ZBC, mpira unaangalia KMKM na JKU, au KVZ na yeyote atakayewekwa mbele yake. ACE ndiyo ikushinde?

Na hiyo alfabeti yao mbona ni soko la Darajani: Tango, Papa, Kilo, na Lima ndiyo shamba lenyewe.

Haya, nikupe machache ya bure. ORBAT ni orodha ya nani yuko wapi katika jeshi la siku hiyo. 1-2-B ni platuni ya kwanza, kikosi cha pili, timu ya Bravo. AR ni mwenye bunduki ya rashasha, kazi yako kumwaga risasi adui ainamishe kichwa wenzako wapate kusogea. BLUFOR ni upande wa buluu, OPFOR ni mahasimu wao. TK ni kumpiga mwenzako. Ukihamia gemu ya Squad utasikia "blueberry": huyo ni mchezaji wa upande wako asiye wa kikosi chako, maana kwenye ramani wa kikosi chako ni kijani na hao wengine ni buluu. KIA kafa, WIA kajeruhiwa, MIA hajulikani aliko, na kwa uzoefu wangu huyo wa mwisho mama yake kamtuma mkate.

Mengine msubiri Serahangi. Akifunga gati ataingia humu.

Serahangi

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Tumefunga Mkoani jioni hii na mizigo haishushwi mpaka asubuhi, kwa hiyo nina wasaa. Soma taratibu.

Mie ni mtu wa melini, meli ya mizigo, na redio ya VHF nimeishika tangu hujazaliwa. Gemu niliingizwa na mtoto wa dada yangu. Nilichostaajabia ni kuwa nusu ya maneno yao nayajua, nayasema kazini kila siku. Alfa, Bravo, Charlie ndizo zile zile tunazotajia jina la chombo. Alfabeti ile imeanza kutumika rasmi mwaka 1956, na kabla ya hapo ilijaribiwa kwa watu wa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, ili kila mmoja aisikie sawa kwenye redio yenye mikwaruzo. Ndiyo maana Alfa inaandikwa kwa f, na Juliett ina t mbili mwishoni, Mfaransa asije akaimeza. Kwa hiyo usione haya na lafudhi yako ya Wete. Maneno haya yametengenezwa kwa ajili ya watu wenye lafudhi.

Halafu usishangae raia wa Uholanzi kuzungumza kama sajini. Waliotengeneza Arma, Bohemia Interactive wa Cheki, walianza na Operation Flashpoint mwaka 2001, na kutoka kwenye gemu hiyo ikazaliwa programu ya VBS ambayo majeshi ya kweli, Wamarekani na Waaustralia miongoni mwao, yamefundishia askari. Lugha imepita mlango huo huo kwenda na kurudi.

Sasa swali lako. Mie maneno haya nayaweka mafungu mawili: yanayofanya kazi, na marembo.

Marembo kwanza, tuyamalize. "Oscar Mike" ni herufi O na M, maana yake tunakwenda. Ukiitamka ni ndefu kuliko Kiingereza cha kawaida cha neno hilo, sasa imekuokolea nini? "Charlie Mike", endelea na kazi. "Lima Charlie", nakusikia vizuri. "Tango" ni T ya shabaha, yaani adui. Yajue ukiyasikia, usijisumbue kuyasema. Nimeona watu wanajua marembo yote hayo na ukiwauliza wako wapi kwenye ramani wanaanza kukohoa.

Yanayofanya kazi ni haya. "Roger" ni nimepokea, basi. Si nimekubali, si nitafanya. Katika alfabeti ya zamani herufi R ilikuwa Roger, na R ndiyo ilikuwa alama ya kupokea. Leo R ni Romeo lakini Roger hakufukuzwa. "Wilco" ni nimeelewa na nitatekeleza, kwa hiyo ndani yake Roger imo tayari, huhitaji kuzifunga pamoja. "Over" ni nimemaliza, nangoja jibu lako. "Out" ni nimemaliza, sitaki jibu. Anayesema "over and out" kakwambia jibu na usijibu kwa pumzi moja. Kwenye filamu sawa.

"Say again" ni sema tena. Na hapa nataka utulie, maana hapa ndipo watu wanapouana. Usiseme "repeat". Melini ukisema "repeat" hakuna atakayekufa, watakukunjia uso tu. Lakini jeshini, mbele ya watu wa mizinga, "repeat" ni amri kamili: piga tena pale pale, kwa kiasi kile kile. Kwenye kikundi cha mpwa wangu kijana mmoja wa kikosi cha mbele hakusikia alichoulizwa na watu wa mota, yaani mizinga midogo, akawaambia "repeat" kwa adabu zote. Na wenzake walikuwa wameshaingia kwenye kile kijiji kilichopigwa mwanzo. Watu wa mota wakatii. Ukumbi mzima wa sauti ulinyamaza, kisha mmoja akauliza kwa upole, "Nani kaomba hiyo?"

Ndugu yake ni "danger close". Vijana wanaipiga ukelele kama ushujaa. Maana yake ni kuwa mabomu unayoomba yataanguka karibu na watu wako. Kwa hesabu ya Wamarekani, mizinga na mota ni ndani ya mita 600. Na ikiwa ni ndege inayopiga, kamanda aliye ardhini anataja herufi za jina lake kuonesha kuwa dhamana kaibeba yeye. Sasa wewe na bunduki yako ya rashasha huna haja nayo.

"Winchester" nimeishiwa silaha. "Bingo" mafuta yamebaki ya kunifikisha nyumbani tu. Yote mawili yametoka kwa marubani. RTB, rudi kambini.

Kuliko kukariri herufi, kariri mpangilio. Huo ndio utaalamu wenyewe. ACE ni risasi, majeruhi, vifaa. Unajibu kwa mpangilio huo huo, na wengi wanatumia rangi: kijani ziko tele, manjano zimepungua, nyekundu zinakaribia kwisha, nyeusi hakuna. Kwa hiyo kama una risasi za kutosha, huna jeraha na vifaa vyote unavyo, unasema kijani, hakuna, kijani, kwa Kiingereza chao, unaachia kitufe. Sekunde mbili. Lakini angalia: ukiulizwa habari ya ACE kabla ya mchezo, hiyo ni modi ya Arma yenye jina hilo, inayoongeza mambo ya majeraha na bandeji. Hapo wanataka kujua kama umeiweka.

Ukiona adui: upande, masafa, ni nani. Usivuruge. Upande unatangulia ili vichwa vigeuke wakati bado unazungumza. Vikishageuka, masafa yanayaambia macho yatue wapi. Mwisho ndiyo unasema ni watu watatu au ni gari lenye mzinga. Ukianza na "Jamani jamani kuna gari lina mzinga, liko karibu na ile nyumba", kila mtu kashaogopa na hajui ageukie wapi. Na nyumba Altis ziko ngapi?

Namba taja moja moja: mbili, saba, sifuri. Hii ni sheria ya baharini pia. Na ukiona dira ya mota inasoma 4800 usidhani imeharibika. Duara la NATO la mizinga limegawiwa sehemu 6400, na 4800 ndiyo digrii 270 yako. Warusi wao wana 6000.

Ukimwona adui naye hajakuona, hapo una wakati, unatumia SALUTE: wangapi, wanafanya nini, wako wapi, ni kikosi gani, saa ngapi, wana silaha gani. SITREP ni hali ikoje: niko wapi, nafanya nini, nakusudia nini. AAR ni kikao cha baada ya mchezo, kila mtu anasema kilichokwenda sawa na kilichoharibika. Hudhuria AAR hata kama usingizi umekushika, mengi nimeyapata huko.

Moja la mwisho halafu nikale. Utasikia mistari tisa ya kuomba helikopta ya majeruhi. Wengi wanaikariri kama juzuu bila kujua kwa nini imepangwa vile. Mstari wa kwanza ni mahali. Wa pili masafa ya redio na jina lako la kuitwa. Wa tatu majeruhi wangapi na hali zao. Wa nne vifaa maalumu. Wa tano wangapi wa machela na wangapi wanatembea. Mitano hiyo ikifika, rubani anaweza kuruka. Minne iliyobaki, usalama wa pahala, alama utakayoweka, majeruhi ni watu gani, hali ya ardhi, inaweza kumfuata angani. Na sisi kwenye chaneli 16 ni vivyo hivyo: Mayday mara tatu, jina la chombo, halafu moja kwa moja mahali ulipo, ndipo useme kama unazama au unaungua. Redio ikikatika baada ya hapo, angalau wanajua pa kukufuata.

Na kombati ziishie kwenye skrini. Raia kuvaa sare za jeshi kwetu ni kosa kisheria, usije ukaagiza kofia mtandaoni ukatembea nayo mjini.

Mtoto_wa_Limbani

Ami Serahangi, Mungu akupe afya. Nimeyaandika yote kwenye daftari. Kumbe yule wa "Winchester" alikuwa anaomba risasi, na mie nina mikanda minne mgongoni niko naye ukuta mmoja.

Bado saa na bado timu ya Kiswahili.

UkhtyFuoni

Hapo niachieni mimi. Sisi tuna timu hapa Fuoni, ndugu na majirani, wasichana watatu na kaka zetu, tunacheza Arma Reforger. Tunazungumza Kiswahili mwanzo mwisho, na haya ninayosema yametupata.

Z kwanza. Dunia imegawiwa kanda kwa herufi. Z ni ile ya Greenwich, nao wanaiita Zulu. Sisi tuko saa tatu mbele kwa hiyo kanda yetu ni C, Charlie. Kawaida ungejumlisha tatu upate saa ya kizungu, halafu utoe sita upate saa yetu. Usizunguke kote huko, toa tatu tu kwenye Zulu basi, ikizidi kumi na mbili toa na hizo. 1900Z: kumi na tisa toa tatu, kumi na sita, toa kumi na mbili, saa nne usiku. 0600Z ni saa tatu asubuhi. Na waambie waandike Z siku zote, kwa sababu Waingereza wanasogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati Zulu haisogei. Wakikuandikia saa za London, mwezi wa nne utakuta wenzako wameshakufa wote.

Sasa Kiswahili. Usitafsiri kwa kamusi, tafsiri kwa masikio. Kuna mitego ambayo huioni mpaka uwe chini ya risasi.

Mtego mkubwa ni saa za kuelekezea. Wazungu wanasema adui yuko "three o'clock", yaani kulia kwako, ilipo namba tatu kwenye uso wa saa. Siku ya mwanzo kaka yangu akapiga kelele, "Adui saa tatu!" Tulikuwa sita kwenye shimo. Watatu wakageuka kulia. Watatu wakageuka kushoto, na hao hawakukosea hata kidogo: saa tatu asubuhi ukiangalia saa ya ukutani pale sebuleni kwa mama, mshale mfupi uko kwenye tisa. Sote tuko sahihi, sote tumekufa. Siku hiyo hiyo tukapiga marufuku saa. Anayesema saa kwenye redio analipa urojo.

Tukasema basi tutumie pande za dunia. Zikatushinda vile vile. Kaskazini na kusini zinaishia sawasawa, na mashariki na magharibi zinaanzia sawasawa. Pingi, ule ucheleweshaji wa mtandao, ikipanda ukanasa kipande tu cha neno, huwezi kujua ni lipi. Tukabadilisha. Kaskazini tunaiita Kibla. Kwa Zanzibar inakubali karibu kabisa, sisi tuko longitudo ya 39 na Makka haijafika 40, kwa hiyo kibla chetu ni kama digrii moja tu kutoka kaskazini. Na hakuna aliyekulia nyumba ya Kiislamu hapa asiyejua kibla kiko wapi hata ukimwamsha usiku wa manane. Kusini ni Kusi. Mashariki ni Matlai. Magharibi ni Bara. Kibla, Kusi, Matlai, Bara: hata ukisikia nusu ya neno unajua.

Mtego wa pili ni "hakuna". Kitufe cha maiki ukikibonyeza na kuanza kusema hapo hapo, silabi ya mwanzo haitoki. Sasa wewe umeingia nyumbani, umepekua, unasema "Hakuna mtu." Wenzako wanasikia "kuna mtu." Unasema "hawapo", wanasikia "wapo". Kiswahili kukanusha kwetu kuko mwanzoni mwa neno, pale pale redio inapokata. Dada yangu alirushiwa bomu la mkono na mwenzake kwa sababu ya ha moja iliyopotea. Sasa nyumba ikiwa tupu tunasema "kweupe". Na "msipige" haitumiki, tunasema "simamisha".

ACE tumeifanya RMV, risasi, majeruhi, vifaa. Roger ni "nimepata". Wilco ni "nafanya". Na tunalo letu ambalo Wazungu hawana: "giza", linatumwa kwa simu, maana yake umeme umekatika kwetu, msinisubiri.

Ushauri wa nyumbani: vaa hedfoni na funga mlango. Usiku mmoja nilisema "majeruhi wawili, mmoja mahututi", mama akatokea na taa na buibui keshavaa.

Jini_la_Pingi

Anayesema saa analipa urojo. Mie nahamia timu hiyo nikae karibu na huyo kaka.

Serahangi

Ukhty, hiyo ya "hakuna" imenikaa. Hata marubani hawasemi hapana kwa neno fupi, wanasema "negative", refu na zito, lisipotee. Ni sababu hiyo hiyo.

Lakini "nimepata" siikubali. Mtu akiwa kwenye mapigano akasema "nimepata", mie nasikia kampata adui. Au kapata risasi yeye. Badilisheni. Semeni "umefika", ujumbe umefika.

UkhtyFuoni

Ami, "umefika" nayo nikiwa namngojea mtu wa gari nitadhani ananiuliza kama nimeshafika.

Serahangi

Basi acheni Roger kama ilivyo. Haina nasaba na neno lolote la Kiswahili, haikosewi. Hiyo ndiyo njia yangu kwa jumla, mwanangu wa Limbani: amri na maelekezo yawe Kiswahili, kwa sababu mtu akishtuka anarudi kwenye lugha ya mama yake. Lakini zile alama nne tano, Roger, Wilco, Over, Out, say again, ziacheni. Mkizizoea kwenu, Jumamosi kwa Wazungu hutabadilisha kichwa.

UkhtyFuoni

Wilco nakataa. Wadogo zangu wanaisema "Uliko" na mwenzake anaanza kutaja alipo. "Nafanya" inabaki.

Mtoto_wa_Limbani

Mnanichekesha mpaka kaka keshaamka. Ami, swali moja tu. Nikisikia nusu ya amri, nusu ikanipita, niombe yote upya? Naona wanakereka.

Serahangi

Usiombe yote. Sema "say again all after", halafu taja neno la mwisho ulilolisikia. Atakurudishia kuanzia hapo kwenda mbele. Ukikosa mwanzo badala ya mwisho, ni "all before". Na ukibonyeza kitufe, ngoja kidogo ndipo uzungumze. Hawatakereka, watashangaa nani kakufundisha.

Ukhty, Kusi na Matlai nimezipenda, ni pande za wazee wetu wa baharini, mie nazitumia kila siku. Ila ile Bara iangalieni. Kwa mtu wa Unguja na Pemba Bara iko machweo na hakuna mjadala. Mkialika timu ya Dar es Salaam mkasema "adui Bara", wao wamesimama juu yake.

UkhtyFuoni

Tumeshawaalika, Ami. Ni Ijumaa hii, 1730Z. Sitawaambia kitu.